Hanna Hakwenda Mezani

Hanna hakunipenda, na mimi sikumpenda. Naanza hapo kwa sababu siku tuliyomzika watu walisimama mmoja mmoja kumsifu, mara nguzo ya usharika, mara mama wa imani, na mimi nilikaa pale nikisaga meno. Wengine waliomlilia walikuwa wamemsengenya miaka minane. Mimi nilimchukia waziwazi, usoni pake, na yeye akanichukia hivyohivyo, tukiwa chini ya paa moja miaka kumi na mitano. Kwa hiyo kama kuna mtu wa kumweleza, ni mimi mkwe wake.

Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono mikubwa ya kulimia. Alibatizwa akiwa msichana, enzi za Wajerumani, na baba yake akampiga kwa ajili hiyo hadi akamvunja kidole cha shahada. Kidole kilipona kikiwa kimepinda, basi Hanna akikuonyesha mahali hujui anaonyesha wapi, na ukikosea anakutukana. Mumewe, mzee Anaeli, alifariki akamwachia shamba la kahawa na migomba upande wa mashariki wa Mlima Meru, ng'ombe wawili wa kulishwa zizini, na mtoto mmoja wa kiume, Elisaria.

Elisaria ndiye aliyenileta. Alikuwa akifanya kazi kwa mzungu mmoja mwenye ng'ombe wa maziwa kule Usa, chini ya mlima, akatumwa Oldonyo Sambu kununua mitamba, akaniona kwa baba yangu Lesikar. Mimi ni Mwarusha. Baba alipokea ng'ombe wake, nikaondoka na shanga zangu shingoni, na kwetu hiyo ni ndoa kamili. Kwa Hanna ilikuwa uasherati. Alinitazama toka kichwani hadi miguuni, akamwuliza mwanawe, "Ndiye huyu?" Kisha akaniambia, "Zizini kuna mavi, nyuma ya mlango kuna jembe." Karibu yangu ilikuwa hiyo.

Elisaria alitengwa na Meza ya Bwana, asile mkate wala asinywe divai, kwa kuoa bila kanisa, na mimi nikaingizwa darasa la ubatizo, nikakaa humo miaka. Mwalimu wangu hasa alikuwa Hanna. Kila asubuhi tukikatakata migomba ya ng'ombe alinihoji. Amri ya nne? Maana yake? Nikikosea neno moja ananirudisha amri ya kwanza. Yeye lugha yake Kimeru, mimi Kimaa cha Wamasai, kwa hiyo neno la Mungu tulisomeana kwa Kiswahili, na kwa Kiswahili hichohicho tukagombana, maana ndicho pekee tulichokuwa nacho wote wawili. Alisema naweka maziwa kwenye kila kitu, hata ndizi zake nimezitia maziwa zikakosa heshima. Nikamwambia ndizi zake kabla ya maziwa zilikuwa chakula cha mgonjwa. Hatukusemeshana wiki nzima, isipokuwa amri kumi.

Vita vya Hitler vilipoanza Waingereza waliwachukua wamisionari wa Kijerumani wakawafunga. Usharika wetu ukabaki bila mchungaji. Alikuja mmoja kutoka mbali, mara moja kwa miezi minne, akaondoka kesho yake. Ufunguo wa kanisa, kitabu cha ubatizo na kamba ya kengele vilibaki kwa mzee wa kanisa, Sumari, mdogo wake marehemu Anaeli. Wanasema penye wazee haliharibiki neno. Waliosema hivyo hawakumjua Sumari. Asilolijua alilitamka kwa sauti kubwa kuliko analolijua, nasi tukaitika amina.

Binti yetu Eunike alikuwa na miaka mitano nilipojifungua mtoto wa kiume. Mila ya Wameru ni kwamba wa kiume wa kwanza huchukua jina la baba wa mume, kwa hiyo Hanna akamwita Anaeli. Mimi nikamwita Lesikar, jina la baba yangu, kwa sababu katika nyumba ile sikuwa na kitu kingine chochote cha kwetu. Mtoto aligeukia majina yote mawili akicheka. Kila mchungaji alipokaribia kuja nilimwomba Sumari amwandike mtoto abatizwe, naye akakataa. "Baba ametengwa, mama mpagani," alisema. "Mti haujapandwa, mnataka tubatize tunda?"

Mtoto alikuwa na miezi minane kichomi kilipomshika. Ilikuwa Mei, masika, mvua haikatiki. Elisaria alikuwa Usa. Asubuhi mtoto alinyonya kidogo, Hanna akasema ana nafuu, akapanda peke yake kipande cha juu karibu na msitu kukata majani ya ng'ombe. Kufika adhuhuri macho ya mtoto yaligeuka. Nilitoka nje nikapiga yowe, yowe likamezwa na mvua. Hakuna aliyekuja.

Hanna alishanifundisha hili pia: mtoto akiwa kufani na mchungaji hayupo, Mkristo yeyote na ashike maji. Mkristo yeyote. Mimi sikuwa Mkristo, nilikuwa mwanafunzi anayerudishwa amri ya kwanza kila siku. Lakini ningefanyaje? Nikae nimtazame mwanangu akiondoka hivihivi kwa sababu ya Sumari? Ng'o! Nilichota maji kwa kata nikammwagia kichwani mara tatu. "Lesikar, nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Sikukosea hata neno moja. Alivuta pumzi mara mbili nyingine, basi.

Hanna aliporudi alitua mzigo wake wa majani mlangoni. Akatazama, akaona kichwa cha mtoto kimelowa.

"Umefanya nini?"

"Nimembatiza."

"Wewe?"

"Mimi."

"Kwa jina gani?"

"Lesikar."

Nilingoja kofi. Alimchukua mtoto mikononi mwangu, akamfuta kichwa kwa kanga yake, polepole, kama wanavyofutwa walio hai.

Sumari alikuja kesho yake asubuhi na wazee wawili wa baraza. Kwetu pale asiyebatizwa alizikwa mgombani, bila wimbo, bila kengele, na wiki ijayo jembe linapita juu yake. Waliobatizwa walilala kwenye uwanja wa kanisa, kwa safu, wakubwa kwa wadogo, wakimngoja Bwana pamoja. Nilitaka mwanangu awe katika safu ile. Sikutaka kitu kingine duniani.

"Mtoto atazikwa mgombani," akasema Sumari.

Nikasimama. "Baba mdogo, mtoto amebatizwa. Nilimbatiza mwenyewe."

Sumari akacheka, mbele ya maiti ya mwanangu. "Wewe? Aliye nje anaweza kumfungulia mtu mlango? Maji uliyommwagia ni ya kuogea tu, binti."

Nilikuwa namfuata pale alipo, kumfanya nini sijui, nikasikia sauti ya Hanna nyuma yangu.

"Shemeji, usihangaike na huyu, amechanganyikiwa kwa uchungu. Aliyembatiza ni mimi."

"Wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo. Mungu ni shahidi."

"Kwa jina gani?"

"Anaeli."

Nikafungua mdomo. Hanna akanishika mkono kwa kile kidole chake kilichopinda, akaniminya hadi nikaona nyota. Sumari hakuweza kumbishia. Hanna alikuwa Mkristo tangu yeye Sumari akichunga mbuzi. Kengele ikapigwa. Mwanangu akazikwa katika safu, na kitabuni ikaandikwa: Anaeli wa Elisaria, amebatizwa kwa dharura na bibi yake Hanna.

Tulipotoka makaburini nilimwambia, "Umeniibia. Tendo langu umelichukua, na jina pia."

"Nimeiba," akasema. "Mwanao amelala wapi?"

"Kwa Wakristo."

"Basi funga mdomo wako."

Nikaufunga. Mwaka uliofuata nilibatizwa, nikaitwa Tabitha, ndoa yetu ikabarikiwa, na Elisaria akarudishwa kundini. Mchungaji mgeni alipoandaa Meza nilienda mbele na wenzangu nikapiga magoti. Nilipogeuka nilimwona Hanna. Alikuwa amebaki kwenye benchi la tatu upande wa wanawake, peke yake, mikono mapajani, akitazama mbele.

Nilidhani anaumwa. Mara ya pili vilevile. Kwetu anayetaka kushiriki hupeleka jina lake kwa mzee wa kanisa siku ya Jumamosi, na aliyekosana na mwenzake huenda kwanza akapatana naye, ndipo jina liandikwe. Jumamosi hizo zote Hanna hakupeleka jina. Nilimwuliza zizini.

"Nimesema uongo mbele ya wazee nikamtaja Mungu shahidi," alijibu, hata hakuacha kukamua.

"Basi si utubu?"

"Nikitubu lazima niseme. Nikisema, Sumari atamtoa mtoto pale. Tena sijuti. Wangeniuliza leo ningesema vilevile. Sasa mtu asiyejuta aende mbele kufanya nini? Kumdanganya na Mungu?"

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya Hanna ilikwenda miaka minane.

Na watu walivyo! Walianza kunong'ona. Mara Hanna ana hirizi, mara alimtupia mume wa mwenzake jicho baya ndiyo maana akafa. Sumari mwenyewe alisimama siku moja baada ya ibada akasema wapo watu wazima wanaowaonyesha vijana mfano mbaya, na kanisa zima likageuza shingo kwenye benchi la tatu. Hanna alifungua kitabu chake cha nyimbo akasoma kama vile anayesemwa ni mtu mwingine. Nyumbani aliendelea kuwafundisha watoto wa kipaimara chini ya ukingo wa paa, binti yangu Eunike akiwa mmoja wao, akiwarudisha amri ya kwanza. Kila mwaka aliwatayarisha, wakavaa nguo nyeupe, wakaenda mbele kwa mara ya kwanza, na yeye akabaki amekaa.

Msifikiri nilimwonea huruma. Nilipita kwenye kaburi la mwanangu nikaona kibao kinasema Anaeli, nikarudi nyumbani na kisirani, nikatia maziwa kwenye ndizi kwa makusudi. Naye akala nusu akawapa kuku zilizobaki. Tuliishi hivyo.

Baada ya vita tulipata mchungaji wetu wa kukaa, kijana wa mlimani hapahapa, Aminieli, aliyesomea kazi hiyo. Mwaka wa pili wa Aminieli, Hanna aliugua. Tumbo lilimvimba, miguu ikakonda. Hospitalini walimtazama siku tatu wakatuambia tumrudishe nyumbani, na wote tulielewa. Mimi ndiye niliyemwosha. Alilalamika maji ni ya moto, nikileta mengine ni ya baridi. Asubuhi moja nikimsugua mgongo akasema, si kwa kuniambia mimi hasa, "Nimeshasahau divai ile ina ladha gani."

Nikaacha kusugua. Nilimkasirikia sana, kwa nini aniambie mimi? Kisha nikajikasirikia mwenyewe. Mwanamke huyu alikuwa amekaa na njaa miaka minane ili mwanangu alale mahali pazuri, na mimi nilikuwa nikipiga magoti kule mbele, nikila, nikirudi na kumnunia kwa sababu ya kibao. Nilijifunga kanga nikaenda kwa mchungaji bila kumuaga mtu. Njiani niliwaza: wakimfukua, nitamchimbia mwenyewe, na jembe la mtu yeyote lisithubutu kupita hapo.

Nilimweleza Aminieli yote. Aliweka kalamu chini.

"Maji yalikuwepo?"

"Yalikuwepo."

"Ulimtaja Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu?"

"Niliwataja."

"Basi mama Eunike, mtoto amebatizwa. Maji ni maji na Neno ni Neno, hata akiyashika nani. Kanisa liliamua jambo hili zamani sana, kabla ya mimi na wewe na Sumari."

"Hata mpagani?"

"Hata mpagani, akikusudia lile ambalo kanisa linakusudia."

Mnafikiri nilifurahi? Nilitaka kuipindua meza yake. Miaka minane! Swali moja tu, la maneno matano, hakuna aliyeliuliza, kwa sababu sisi wawili tuliogopa jibu na Sumari alijifanya analo.

Aminieli alichukua mkoba wenye kikombe, akachukua na kitabu cha ubatizo, tukaenda. Alimweleza Hanna kama alivyonieleza. Hanna alisikiliza akitazama dari.

"Kwa hiyo uongo wangu ulikuwa wa bure?"

"Wa bure, mama."

Alishusha macho kutoka darini hadi kwenye kitabu. Kisha akasema, "Fungua kitabu. Andika Lesikar. Andika kabatizwa na mama yake." Mchungaji akakata mstari wa zamani, akaandika. Hanna akanigeukia. "Soma." Nikasoma, machozi yakaniharibia nusu ya maneno. "Mchungaji ana mwandiko mbaya," akasema Hanna, na huko ndiko kuniomba radhi kwake. Sikupata kwingine.

Alitubu uongo wake hapo hapo. Aminieli akatandika kitambaa cheupe juu ya kigoda, akaweka mkate na kikombe. Hanna akainua mkono.

"Ngoja. Nina hasira na Sumari. Ina moto, imenijaa hapa kifuani. Wewe mwenyewe unatufundisha mtu apatane kwanza. Mwiteni aje."

Nilikimbia. Sumari alikuwa uani kwake akigeuza kahawa kwenye mikeka, wingu zito limesimama juu ya mlima. Nilimwambia kila kitu kwa mkupuo mmoja, la ubatizo, la uongo, la hasira. Uso ulimshuka. Lakini alitazama wingu, akatazama kahawa. "Nitakuja nikishaanua," akasema. "Amesubiri miaka minane, saa moja itamshinda?"

Ilimshinda. Tulisubiri, mvua ikanyesha, ikaanuka, Sumari hakuonekana. Hanna alianza kuhema kwa shida. Aminieli akapiga magoti kando ya kitanda, akamsihi apokee, Mungu anaujua moyo wake. Hanna akafumba midomo. Nikampigia kelele, "Kula, wewe mama! Achana na Sumari! Kula!"

"Nyamaza, Mwarusha," akasema. Hakusema tena. Jua lilikuwa bado halijazama.

Sumari alikuja asubuhi, baada ya kukamua. Alikuta tumeshamwosha.

Kwenye mazishi yeye ndiye aliyemwita nguzo. Sikumrukia, kwa heshima ya Elisaria. Lakini tangu siku ile nilimbeba Sumari kifuani kama jiwe la moto. Nilikula nalo, nililala nalo, nililima nalo kahawa. Ikatangazwa kwamba Jumapili ya pili mchungaji ataandaa Meza. Nikajua siwezi kwenda. Nikawa tayari kubaki benchi la tatu, tena kwa fahari, wote wanione.

Ijumaa Eunike, aliyekuwa amepata kipaimara mwaka uleule, aliniuliza kama na yeye abaki. "Kwa nini ubaki?" "Na mimi namchukia babu Sumari," akasema. "Kwa ajili ya bibi." Alisema kwa upendo kabisa, kama anayeomba kunisaidia mzigo. Nikaona benchi lile litakavyojaa, mimi, Eunike, na watoto wa Eunike wasiojua hata kisa chake.

Jumamosi nikaenda kwa Sumari. Alikuwa amekaa mlangoni na karatasi ya majina magotini.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba."

"Nimekuja kukusamehe. Sikupendi, na sijui kama nitakupenda. Lakini nakusamehe, na ukinijibu vibaya nitakusamehe na hilo pia, kwa hiyo nyamaza."

Akanyamaza. "Kahawa ile ililowa," akasema baadaye. "Nilishindwa kuja. Ningemwambia nini?"

"Ungekaa tu."

Akanipa karatasi na penseli niandike jina langu. Nikaandika Tabitha, nikaandika Eunike. Kisha nikayapitia majina toka juu, yote arobaini na kitu, nikayapitia tena. La Sumari halikuwemo. Jina lake lilikuwa la kwanza kwenye karatasi zile tangu sijaolewa.

"Na wewe?"

Alitazama mikono yake. "Nitaendaje, mwanangu? Hanna amekufa akiwa na hasira nami. Nitapatana na nani?"

Nilitaka aumie. Nawaambia ukweli, nilitaka akae pale benchini miaka minane, atazamwe, anong'onwe. Na hakuna ambaye angenilaumu. Nikasimama na ile penseli, nikasikia mkono wangu ukiwa mzito kuliko siku nilipochota maji.

Chini ya jina la Eunike nikaandika Sumari.

"Kesho utapiga magoti," nikamwambia. "Karibu nami, mahali ambapo Hanna angepiga. Na usinitazame."

Alilia kama mtoto. Mkewe akatoka na kahawa, akasema karibu ndani, Tabitha. Nikamwambia asante, sinywi, nina ng'ombe wa kukamua.